Mkasi

Mkasi huu nimeufunga kwa bandeji
kwenye msumari, mbali kidogo na mkono wangu,
ili kila nikiutaka
nisimame kwanza.

Mwaka juzi, mvua za Mei,
Dama alimleta mwanawe kutoka Chakama,
homa imemkausha midomo.
Mkononi uzi mweusi, na kipande cha mti
alichofungwa na bibi yake.
Nilitafuta mshipa kila mahali. Uliobaki
ulipita chini ya ule uzi.
Nikakata. Sikuuliza.
Nikatupa kwenye ndoo pamoja na pamba.
Dripu ikashika, nikaandika: saa nne na robo usiku.
Alfajiri kitanda cha sita kilikuwa na shuka tu,
limekunjwa vizuri, kama la mgeni aliyeaga,
na mpira wa dripu unadondosha maji sakafuni.

Sijui kama yule mtoto yu hai.

Wenzangu huniuliza: Mghoi, wewe Mtaita,
kwenu hamna mambo haya?
Yapo. Bibi yangu alinipaka majivu utosini
nilipougua surua.
Nikaenda chuo, nikayaosha.

Siku hizi nauliza: hiki chaweza kukaa wapi pengine?
Kumbe vingi vinahama.
Hirizi ya Bwanaheri ilishuka mguuni bila ugomvi;
mamake akaisomea upya, akaniambia, kaza, isianguke.
Kisalaba cha Komora kilikubali plasta
kwenye chuma cha kitanda.
Na yule mama wa Kiitaliano wa kule Kasuarina
alikuja na sungura wa kitambaa, ananuka maziwa ya juzi,
hataki aguswe na sabuni.
Nikaandika kwenye faili: sungura asifuliwe.

Si vyote.
Mjomba mmoja alileta chupa ya mizizi ya kunywesha.
Nikasema hapana. Naye akasema hapana yake.
Tulisimama pale mlangoni hadi adhana ya alfajiri,
chupa iko kwake, mtoto yuko kwangu.
Siku ya tisa mtoto alitoka kwa miguu yake.
Mjomba nikikutana naye sokoni
hugeuka kutazama nyanya.

Na Hawo, mama wa Kiorma, alifika usiku kutoka Garsen.
Nikamwambia kwa upole wangu wote: tutamlaza.
Akapiga ukelele ukaamsha vitanda kumi na viwili.
Neno hilo alilijua la kaburini tu.
Bonaya akaacha mopu katikati ya korido,
akachuchumaa, akasema maneno machache.
Ukelele ukakatika.
Umemwambia nini?
Kwamba mtoto atalala hapa,
na yeye atalala naye.
Kwenye karatasi ya mshahara Bonaya ni mfagiaji.
Nimeandika barua tatu.
Moja imejibiwa: ombi limepokelewa.

Usiku wa leo wametoka tena Chakama,
si wale. Nilitazama uso wa bibi mara mbili, si wale.
Mjukuu ana miezi saba, na uzi, mweusi vilevile.
Nikauliza swali langu.
Bibi akakaa kimya, akautazama mkono, akanitazama mimi.
Hiki hakihami, akasema.

Basi nikapanda kichwani.
Nikaomba nywele kidogo, hapa, juu ya sikio,
nikaonyesha kwa kidole ukubwa wake: shilingi moja.
Akafikiri. Akakubali kwa kidevu.
Nikasimama, nikaufungua mkasi.
Dakika arobaini, na tochi ameishika yeye,
haikutetemeka kuliko sindano yangu.

Tone la kwanza liliposhuka
alinyosha kiganja. Nikaelewa kwa kuchelewa.
Nikampa zile nywele, zote, hata zilizoanguka shukani.
Akazifunga kwenye pindo la leso, fundo mbili,
akanitazama
mpaka nikaurudisha mkasi msumarini.